Homa ya Jumatatu

Nilihamia nyumba ya Bi Riziki, mtaa wa Mwembesongo, Januari 1995. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka Singida na godoro, ndoo na sanduku la vitabu. Asubuhi ya kwanza nilipotoka kuchota maji nilimkuta mtu amesimama bombani, kanipa mgongo, kavaa suruali ya kaki na viatu vikubwa vya ngozi vilivyotobolewatobolewa na cheche. Nikasema, "Shikamoo kaka." Akageuka, akacheka mpaka ndoo yake ikafurika.

"Marahaba, mdogo wangu. Kaka yuko ndani, bado kalala. Mimi ni Filomena."

Ndivyo nilivyomjua Filomena Banzi, fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kinole, huko juu milimani, kwenye machungwa na pilipili manga, na angebaki huko kama si mwalimu wake wa darasa la saba kupeleka jina lake chuo cha ufundi, mwaka ambao serikali ilitaka wasichana wajifunze kazi za wanaume. Alipomaliza alipangiwa karakana ya kiwanda kimoja upande wa Kihonda. Alikaa humo miaka kumi na mitatu. Humo ndimo alimokutana na mumewe, Severin, mwendesha mashine, na wakamzaa binti mmoja, Martina, ambaye nilipohamia alikuwa na miaka tisa na akawa mwanafunzi wangu.

Kiwanda kilipobinafsishwa, wote wawili walikuwa kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Severin alikaa nyumbani akisubiri mwekezaji awaite tena. Filomena hakusubiri. Alichukua mashine kuukuu ya kuchomelea, akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara inayokwenda Msamvu, akaanza kutengeneza nondo za madirisha na mageti.

Kazi ilikuwepo tele. Ndiyo miaka ya ruksa ile. Maduka yalijaa redio, televisheni na feni kutoka nje, na kila aliyenunua kitu akaogopa wezi. Nyumba ambazo zamani zilifungwa kwa komeo la mti sasa zilitaka vyuma kila dirisha. Na vyuma vyenyewe vilibadilika. Wakati wa kiwanda Filomena alichomelea chuma cheusi. Sasa maduka ya vifaa vya ujenzi yaliuza mabomba meupe yanayong'aa, yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu. Wateja waliyapenda. Mtu akija kuagiza geti, neno la kwanza lilikuwa, "Fundi, uniwekee zile nyeupe."

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokijua ni kwamba kila Jumatatu jirani yangu aliugua.

Alirudi saa kumi na moja jioni akiwa ameshika shingo. Alisema mdomo una utamu wa ajabu, kama mtu aliyelamba sarafu. Alikunywa maji bila kukata kiu. Kisha baridi ikamshika. Niliyasikia meno yake yakigongana kupitia ukuta. Severin alimfunika blanketi mbili, naye akatetemeka tu, kifua kimembana, viungo vinamuuma. Jumanne asubuhi aliamka mnyonge kidogo, shuka imelowa jasho, akaenda kazini. Jumatano hana kitu. Wiki iliyofuata, Jumatatu, ikarudi.

"Malaria hii imenipangia ratiba," aliniambia akicheka, mara ya pili au ya tatu.

Alimeza klorokwini mpaka mwili mzima ukawa unamwasha. Alipimwa damu mara nne. Mara moja walikuta wadudu wawili watatu, mara nyingine hawakukuta kitu. Akapungua. Suruali ya kaki aliifunga kwa kamba.

Lazima niseme jinsi mambo yalivyokuwa miaka ile. Kila mtaa ulikuwa umeshazika vijana. Homa inayokwenda na kurudi, kupungua mwili, kikohozi: kila mtu alijua maana yake, na hakuna aliyelitaja jina. Walisema "ule ugonjwa", au walisema "amekanyaga waya". Kuhusu Filomena walisema ilikuwa lazima, mwanamke anayeshinda barabarani na mafundi wa kiume atapona vipi.

Bi Riziki, mwenye nyumba, alikuwa wa kwanza kujitenga. Aliihamisha tu ndoo yake kutoka bombani akaiweka ndani kwake. Kisha kamba ya kuanikia nguo ikawa mbili. Na mimi, mwalimu, niliyefundisha watoto kwamba ule ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe, siku moja Filomena aliponiletea uji wa ulezi niliupokea, nikamshukuru, nikaingia ndani nikaumwaga kwenye ndoo ya maji machafu. Niliporudi kumpa kikombe alikiangalia, akaniangalia usoni. Alijua. Hakuniletea kitu tena, na hakuacha kunisalimia.

Severin alihamia kwenye kochi sebuleni. Mwezi wa nane Filomena akaenda hospitali kupima. Kwa wakati huo ilihitaji moyo. Mtu alisubiri majibu wiki mbili. Aliporudi na karatasi alinigongea mlango.

"Nisomee, Mwalimu. Nimeshaisoma mwenyewe, lakini nataka kuisikia kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nilisoma. Hakuwa na virusi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu akalia, kisha akaenda kumpa mumewe. Nilisikia kila neno, kuta zetu hazikufika juu.

"Wanasema lazima kurudia baada ya miezi mitatu," alisema Severin.

"Na baada ya miezi mitatu utasemaje?"

"Filo, mimi siyo daktari. Naona tu unavyokwisha."

"Basi kapime wewe. Ukiwa mzima na mimi ni mzima."

Jumapili iliyofuata Severin alifunga mizigo akaenda Mikese, kwa kaka yake aliyekuwa akiuza mkaa na matunda barabarani. Alimchukua Martina. Alisema ni kwa muda, mtoto apumzike na kelele za watu. Martina alikuja kuniaga akiwa amevaa sare za shule, ingawa ilikuwa Jumapili, kwa kuwa hakuwa na gauni lingine safi. Filomena alisimama mlangoni, mikono nyuma. Hakumkumbatia mwanawe. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa watu waliokuwa wakitazama wasije wakapiga kelele.

Rehema moja tu ilibaki, Kinole. Kwa Waluguru, kabila lake, mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo huo. Filomena alikuwa na haki ya kwenda kulima alipolima mama yake. Mwezi wa kumi na moja akafunga kibanda akapanda mlima. Alikaa wiki tatu. Hakuugua hata siku moja. Aliniambia alikuwa akipanda na kushuka mteremko na kikapu cha ndizi kichwani kama msichana, na usiku alilala fofofo. Akaanza kuamini kwamba mlima umemponya na kwamba ataishi huko.

Lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Mjomba wake, mzee Paulo, kichwa cha ukoo, alimpokea vizuri, akampa chumba. Chakula kililetwa kwenye sahani ya bati ambayo hakuna mwingine aliyeitumia. Siku ya ishirini mjomba alimwita.

"Mwanangu, shamba la mama yako lipo. Lakini kulima ni kazi ya nguvu, na wewe hali yako tunaijua. Tumewapa wadogo zako walitunze. Ukizidiwa, njoo. Hapa ni kwenu, kaburi lako lipo."

"Mjomba, mimi siumwi. Mmeniona wiki tatu hizi."

"Tumekuona. Mungu anampa mtu nafuu kabla."

Akashuka Jumapili. Jumatatu alifungua kibanda, akakuta oda ya geti kubwa inamsubiri. Alichomelea kutwa. Jioni hiyo aliugua kuliko siku zote. Mimi na Bi Riziki tulimbeba mpaka kitandani, Bi Riziki akiwa amejifunga kanga mikononi. Alikuwa akihema kwa shida na midomo imepauka. Kati ya kutetemeka alisema, "Mlimani nilikuwa mzima. Ni nyumba hii. Kuna mtu kanitegea nyumba hii."

Bi Riziki aliposikia hivyo akampa notisi ya kuhama.

Filomena alizunguka Mwembesongo, Mji Mpya na Chamwino akitafuta chumba. Kila alikoenda, walishasikia. Kwa mumewe hakwendeki, kwa ukoo wameshamwonyesha kaburi, hapa amefukuzwa na kwingine hapokelewi. Kuacha kazi hawezi, maana hana shamba. Bi Riziki hakupata mpangaji aliyekubali kuingia chumba kile, kwa hiyo notisi ikaisha na Filomena akabaki palepale, si kwa kuruhusiwa bali kwa kukosa pa kumpeleka.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 alikuja kibandani mteja mmoja, Dokta Doreen, mhadhiri wa kemia aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya. Alitaka nondo za madirisha. Ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea Filomena barua ya Martina iliyoletwa shuleni. Dokta Doreen hakuwa anaangalia madirisha. Alikuwa anaangalia utando wa buibui kwenye kona ya kibanda. Ulikuwa umejaa nyuzi nyeupe, laini, kama vipande vya pamba.

"Fundi, hii pamba inatoka wapi?"

"Si pamba, mama. Ni moshi wa bomba. Ukichomelea hizi nyeupe, moshi unapaa halafu unaganda hewani, unaelea. Ukiushika unapotea vidoleni."

"Na pale unapochomea, panakuwaje?"

"Pana unga. Pakiwa pa moto ni wa manjano. Pakipoa unageuka mweupe, kama chokaa."

Dokta Doreen alivua miwani akaifuta. "Wewe huumwi?"

Filomena alinitazama kwanza. Kisha akasema taratibu, "Naumwa kila Jumatatu."

"Mdomo unakuwa mtamu? Kiu? Halafu baridi, na asubuhi imekwisha?"

Chuma alichokuwa ameshika Filomena kilianguka chini. Sijawahi kumwona mtu akishtuka vile kwa kuelezwa jambo analolijua.

Dokta alikaa kwenye mkebe wa rangi uliogeuzwa, akatueleza. Zinki ikipata moto mkali inageuka mvuke, mvuke unashika hewa ya oksijeni, unakuwa oksidi ya zinki. Ni kitu kilekile kilichomo kwenye mafuta meupe ya kupaka watoto wenye vipele. Kwenye ngozi kinazuia jua, kinaua vijidudu, hakina ubaya. Lakini kikizaliwa hewani namna hii, chembe zake ni ndogo mno, zinapita pua na koo mpaka mwisho wa mapafu. Mwili unadhani umevamiwa na ugonjwa, unapandisha homa kupigana. Kesho yake umeshinda. Ukiendelea kuvuta kila siku mwili unazoea, unanyamaza. Ukipumzika Jumapili unasahau, na Jumatatu unaanza vita upya.

"Na nikipumzika wiki tatu?" aliuliza Filomena.

"Umesahau kabisa. Unaumwa zaidi."

Filomena alifunika uso kwa glavu zake.

Dokta alizoa nyuzi zile kwenye kiberiti kitupu akaondoka nazo. Wiki iliyofuata, kwa agizo lake, Filomena alichomelea chuma cheusi tu, vipande alivyookoteza kwa wauza vyuma chakavu. Jumatatu ilipita. Nilikaa naye uani mpaka saa tatu, kila mtu akijifanya ana shughuli nyingine. Hakutetemeka. Alikula ugali, akaingia kulala.

Mimi nilidhani mambo yameisha. Hayakuisha. Aliwaambia wenzetu wa uani kwamba ugonjwa wake ni moshi. Bi Riziki alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa.

"Filomena, barabara yote ile wanachomelea. Kina Kondo, kina Abasi, watu kumi na wangapi. Mbona wao hawaugui?"

Siku ya pili yake Filomena akaenda kwa Kondo, fundi mwenye kibanda kikubwa karibu na kituo cha mafuta, mtu mzima mwenye wake wawili, aliyeheshimiwa na mafundi wote. Filomena alinihadithia jioni ileile.

Alimsalimia, akamweleza. Kondo alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Dada, hiyo ndiyo homa ya mabati," alisema. "Sote tunayo. Jumatatu tunakunywa maziwa kabla ya kazi. Hujaona tunavyokutana kwa muuza maziwa?"

"Nimewaona. Nilidhani mnapiga soga."

"Tunakunywa maziwa. Hata kama hayasaidii, tunakunywa."

"Na mliniona ninavyokwisha mwaka mzima. Mbona hamkuniambia?"

Kondo aliweka tambara chini. "Nikwambie ukweli, dada. Sisi tulidhani wewe una ule mwingine."

Filomena alimwomba aje uani kwetu, aseme maneno hayohayo mbele ya Bi Riziki. Kondo akakataa. Alisema mke wake mdogo ameolewa juzi tu, wakwe wakisikia kwamba anatetemeka kila wiki watamchukua binti yao. Na wateja wakisikia, watasema mafundi wa Msamvu ni wagonjwa. Akamwomba na yeye asilitangaze. Homa ile mwanamume aliiita uchovu, mke akamkanda mgongo, ikaisha. Mwanamke alipoipata aliachwa.

Filomena alijaribu kuendelea na chuma cheusi. Wateja hawakukitaka, waliona kutu kabla ya rangi kukauka. Wawili walimwambia wazi kwamba fundi anayetumia chakavu ni mwizi. Baada ya mwezi akarudi kwenye mabomba meupe. Sasa alijua kinachomuumiza, na alikivuta kwa kujua. Alichukua tupa akawa anakwangua zinki kwenye ncha zote kabla ya kuchomelea, kazi iliyomchelewesha mara mbili ya wenzake. Alibomoa ukuta wa nyuma wa kibanda ili upepo wa mlimani upite. Alijifunga kitambaa kilicholowa puani. Homa ikapungua, ikawa mara moja kwa mwezi, siku za kazi nyingi. Haikuisha.

Karibu mwaka ulipita ndipo Dokta Doreen akaja na picha. Alikuwa ametuma kiberiti kile kwa mwalimu wake Ulaya, wakakitazama kwa hadubini inayotumia umeme badala ya mwanga. Tuliitazama sote watatu, tumeinama. Hapakuwa na pamba. Palikuwa na miiba, kila mmoja una miguu minne iliyochongoka, imetawanyika pande zote.

"Mbigili," alisema Filomena.

"Kabisa. Lakini mbigili elfu moja ungeweza kuzipanga kwenye upana wa unywele mmoja."

Dokta alieleza kwamba wenzetu wa Ulaya wanaitengeneza makusudi siku hizi. Wanataka kuitumia kunusa gesi za hatari viwandani, maana miiba hiyo ikiguswa na gesi umeme wake hubadilika. Wanataka kuitia kwenye mafuta ya kukinga jua yasiyoonekana usoni, na kwenye nguo zisizoshika vijidudu. Kuna watu wanapewa shahada kwa kuikuza.

Filomena alirudisha picha polepole. "Hao wanaoikuza wanavaa nini puani?"

"Wanaikuza ndani ya kisanduku cha kioo kilichozibwa. Mikono tu ndiyo inaingia, kwa glavu."

"Yaani wao wamekifungia moshi," alisema. "Haya. Mama, yale madirisha mengine uliyoagiza yako tayari tangu juzi."

Nilimwomba radhi mwaka ule, kwa ule uji. Alisema ameshasahau. Hakuwa amesahau, na mimi sikusisitiza.

Hakuna aliyemsafisha jina. Miaka ndiyo iliyofanya hivyo, kidogo kidogo, kwa kuwa hakufa. Kulikuwa na watu wanene, wenye afya, waliomnyooshea kidole mwaka tisini na tano ambao tuliwazika kabla ya elfu mbili. Bi Riziki aliirudisha ndoo yake bombani bila maelezo, kama alivyoiondoa. Severin alioa Mikese. Hakuwahi kwenda kupima, na hakuwahi kuja kusema lolote.

Martina alirudi Januari 2000, alipochaguliwa sekondari mjini. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya baba yake. Miaka hiyo yote baba alikuwa akimwambia kwamba mama yake hatamaliza mwaka. Alisimama uani na begi lake, akamtazama Filomena muda mrefu, kama mtu anayehakiki. "Mama, mimi nilishakulilia," alisema. "Nilikulilia kila Krismasi." Waliishi pamoja kwa adabu, wakiogopana kidogo, na ilichukua mwaka wa kwanza wote kabla sijasikia wakigombana kama mama na binti.

Mwaka 2001 nilihamishiwa Kisaki. Siku ya kuondoka nilipita kibandani kuaga. Filomena alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mtu, tupa mkononi, anakwangua. Kikohozi chake nilikisikia kabla sijamfikia. Aliniuliza kama Kisaki kuna mafundi, nikamwambia sijui, nikifika nitamwandikia.

"Uniandikie," alisema. "Na uulize wanatumia chuma gani."

Mwenye geti alikuwa amesimama pembeni akitazama saa yake. Filomena alifunga kitambaa puani, akashusha kinga ya macho, akaniashiria kwa mkono nisogee upande ule upepo unakotokea.